Taarifa ya Kasuku na Njia ya Maji

Nilirusha debe. Sikulirusha kwa mtu, ingawa mtu alikuwepo na alistahili. Nililirusha mbele yangu tu, kwa nguvu zote, mtoto akiwa mgongoni. Likapita juu ya gogo walilolilaza kuziba njia, likagonga jiwe, likaanza kushuka. Kutoka ukingo ule wa Newala hadi chemchemi ni mteremko mtupu, na debe tupu halina breki. Tulilisikia likienda, kwang', kwang', likinyamaza kidogo kwenye kona kama linalopumzika, halafu likiendelea. Kasuku wakatoka mitini kwa mkupuo, wakatupigia kelele juu ya vichwa, wakaelekea upande wa Ruvuma.

"Unaona sasa, dada?" akasema mlinzi wa msitu. "Umewasumbua."

Nyuma yangu walikuwa wanawake wanane wa mtaa wetu, wote na madebe yao, na mama mkwe wangu akiwa wa mbele. Walikuja kwa sababu niliwaahidi. Serikali ilikuwa imefunga njia ya chemchemi siku tano nyuma, na mtu aliyetaka maji alizunguka kwa barabara ya magari. Aliyeondoka jua likichomoza alirudi limefika utosini. Nyumbani tulikuwa tunamwogesha mtoto kwa kikombe kimoja, na kikombe hichohicho tulikitumia kusuuza nepi. Mimi ndiye niliyeilaani serikali kwa sauti kuliko wote. "Niachieni mimi," niliwaambia. "Nimesoma. Nitamwuliza sheria ameitoa wapi."

Basi nikamwuliza. Mlinzi alikuwa mtu mpole, jirani yetu kanisani, aliyepewa kofia mpya na hakujua afanye nayo nini. Akageukia bango lililopigiliwa kwenye mti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma polepole ili wasiojua kusoma nao wapate:

"Kasuku hawa ni wenye haya na woga mwingi. Makelele ya akina mama wapitao alfajiri kwenda kuteka maji huwatia hofu hata wakayaacha mayai yao."

Akageuka, akasema kwa heshima, "Si mimi, dada. Ni maneno ya wataalamu."

Mtaalamu alikuwa amesimama mbele yake, maziwa yamelowesha blauzi, nepi ya mtoto imelowesha mgongo. Maneno yale yalikuwa yangu. Hata lile "hata wakayaacha" lilikuwa langu. Nililipenda sana nilipoliandika. Hapo ndipo debe liliporuka.

Wanawake hawakujua. Walishangilia. Mke wa fundi baiskeli, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipiga kigelegele kilichowafukuza hata ndege waliokuwa wamebaki. "Huyu ndiye mtu!" akasema. "Mmakua wa Masasi ana moto huyu, tulimdharau bure!" Jioni ile, aliporudi kwa njia ndefu, alinimiminia nusu ya debe lake, kwa kuwa langu lilikuwa chini kwenye chemchemi. Niliyapokea maji yale. Nilimwogesha mtoto vizuri, hata masikio.

Sasa niseme nilivyofika hapo, na sitajipamba.

Nilizaliwa Chiungutwa, nikasoma shule ya wasichana ya misheni huko Masasi mpaka kidato cha pili. Wasichana tuliofika huko tulikuwa wachache, nasi tulijiona kama mayai katika kitambaa. Kisima cha shule kilikuwa hatua chache kutoka bwenini. Nilipoolewa na karani wa bomani na kuletwa Newala, niliambiwa kuwa maji yako chini, nikauliza chini wapi, wakanionyesha kwa kidevu. Chini kweli. Unashuka ukishika mizizi, unapanda ukiwa na ziwa zima kichwani.

Wenyeji huweka matawi ya majani juu ya maji ndani ya debe, ili yasicheze. Mimi nilikataa. Katika somo la afya tulifundishwa kuwa majani yana vijidudu. Niliwaeleza hivyo, tena kwa kirefu, watu wakiwa na madebe vichwani. Halafu tukapanda. Wao walifika wakavu. Mimi nilifika nimeoga, na ndani ya debe yamebaki maji ya kunawa mkono mmoja.

"Kidato cha pili kimemwagika!" akapaza sauti mke wa fundi baiskeli.

"Maji hayo hayasomwi, wifi," akadakia mwingine. "Yabebe tu!"

Walicheka kutoka ukingoni mpaka mlangoni kwetu. Mama mkwe naye alicheka, ila yeye aliziba mdomo kwa upande wa khanga, kwa adabu. Kesho yake walicheka tena kabla sijamwaga chochote.

Wakati huo mume wangu alirudi kutoka kazini na karatasi. Bwana Misitu mpya, Mzungu kijana mwenye magoti mekundu, alikuwa anapenda ndege. Alitaka habari za kasuku wa mteremko wetu, akaandika maswali matano kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akawagawia makarani. Ndege huyu anafanana vipi? Anakaa wapi? Anakula nini? Anatagia wapi? Kitu gani kinamsumbua? Chini ya kila swali palikuwa na mistari sita.

"Mimi nawajua kasuku?" akasema mume wangu. "Mama mtoto, wewe ndiye msomi. Nisaidie."

Nisingekubali kwa haraka kama nisingekuwa na njaa ya kusifiwa. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Kwa siku nne nilikwenda ukingoni baada ya kazi za asubuhi, nikakaa juu ya jiwe na mtoto mapajani. Nikubali jambo moja: zile zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote tangu nije Newala. Nilikuwa nimewafukuza ndege hawa katika mtama wa mama yangu tangu utotoni, kwa mawe na matusi, na sikuwahi kumtazama hata mmoja usoni. Shambani ndege ni mwizi. Nani anamtazama mwizi rangi ya macho?

Kwanza humwoni. Yuko mbele yako juu ya mkuyu, na humwoni, kwa sababu ni kijani kama jani la muhogo baada ya mvua, na akijua unatazama hunyamaza kabisa. Kinachomsaliti ni chakula. Unasikia maganda yakidondoka, tap, tap, juu ya majani makavu. Unafuata maganda kwa macho mpaka juu, na hapo jani moja linageuza kichwa. Kichwa ni cha kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo kwa uchoyo. Jicho ni la manjano, kali, jicho la mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mdomo umepinda kama kisu cha kuvunia, wa juu mweusi, wa chini mweupe, utadhani amevaa vya watu wawili. Hushika tunda kwa mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akaligeuzageuza kama mama mkwe anapokagua nyanya sokoni. Ukubwa wake si zaidi ya njiwa. Lakini akiruka! Chini ya mabawa, mahali alipokuwa ameficha muda wote, pana manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Kundi likipaa, mteremko mzima unameta mara moja, halafu basi, ni kijani tena.

Hukaa pale ambapo jembe halijafika. Juu, kwenye uwanda, watu wameshafyeka, ni mihogo na mikorosho. Chini kabisa, karibu na mto, ni majani marefu. Katikati, kwenye mteremko usiolimika, ndiko msitu wa miti mikubwa ulikobaki, na wao wamo humo. Hutaga ndani ya matundu ya miti mizee. Mvule mmoja uliokuwa kando kabisa ya njia ya maji ulikuwa na tundu usawa wa mtu aliyepanda juu ya mabega ya mwenzake, na asubuhi kichwa cha kahawia kilikuwa kikitokeza humo kututazama tukipita.

Kututazama tukipita. Nisisitize hapo. Mama mkwe wangu alikuwa akimwamkia. "Umelalaje?" humwambia, kila siku, na debe kichwani. Ndege hakuwahi kuhama, hakuwahi hata kuingia ndani. Tena wenyewe walikuwa wakishuka kwenye chemchemi ileile kunywa, wakisubiri juu ya matawi mpaka tumalize kuteka, kisha wanatua kwenye tope tulilolikanyaga sisi. Hayo yote niliyaona.

Maswali manne niliyajibu kwa kweli tupu, na niliyajibu vizuri; nitasema hivyo hata mbele ya hakimu. La tano lilikuwa: kitu gani kinamsumbua? Jibu la kweli lilikuwa maneno mawili: hakuna kitu. Lakini mistari ilikuwa sita. Shuleni Masasi mwalimu wetu alikuwa na sheria moja kubwa kuliko Amri Kumi: msichana asiache mistari mitupu. Aliyeacha alionekana mvivu, na aliyeijaza, kazi yake ilisomwa darasani. Na ile asubuhi, nitasema na hili, nilikuwa nimetoka tu kuambiwa kidato cha pili kimemwagika.

Nikajaza mistari. Nikaandika haya, na woga, na makelele ya akina mama, na mayai yaliyoachwa. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tena. Kalamu ilikuwa inateleza yenyewe.

Karatasi ilirudi na maneno ya wino mwekundu: Vizuri sana. Niliiweka ndani ya Biblia. Wiki tatu baadaye wakaja watu wawili na msumeno, wakakata gogo, wakalilaza. Na mimi, msomi, sikuunganisha mambo hayo mawili hata siku moja. Nililaani serikali na wenzangu, mpaka mlinzi alipoweka kidole chini ya neno la kwanza.

Siku ya debe, mume wangu aliporudi, nilimwambia kila kitu.

"Nyamaza," akasema.

"Ninyamaze vipi?"

"Kama ulivyonyamaza leo kule ukingoni. Nani anajua? Mimi, wewe, na Bwana Misitu. Ukisema uliandika uongo, nami ndiye niliyeipeleka karatasi, nitaonekanaje bomani?"

"Na maji?"

"Mvua zitakuja."

Zilikuwa bado miezi mitatu. Nilimtazama mtu huyu aliyekunywa maji yaliyobebwa kichwani na mama yake mwenyewe kwa nusu ya siku, nikatamani debe langu liwe karibu.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuja kwetu, wakakaa barazani bila kualikwa. Mke wa fundi baiskeli ndiye aliyesema.

"Wifi, jana umeonyesha moyo. Sasa onyesha kalamu. Tuandikie malalamiko, tuyapeleke kwa Bwana Shauri, mkubwa wa boma."

Shikamoo zilikuwa zimekwisha, kahawa hatukuwa na maji ya kupika. Nililaza mtoto kwenye mkeka, nikaleta karatasi. Walisema, mimi nikaandika. Kila mmoja alikuwa na lake, na wote walisema pamoja.

"Andika miguu inauma."

"Andika mama yake karani ameanguka barabarani juzi, maji yakamwagika."

Sikuwa nikilijua hilo. Nikamtazama mama mkwe. Akavuta khanga kufunika goti. "Niliteleza kidogo tu," akasema.

"Andika," akasema mke wa fundi baiskeli, "kwamba huyo mtaalamu ni mwongo. Hajawahi kufika pale. Angefika angeona yule ndege wa mvule anavyotuzoea. Andika: mwongo, mkubwa."

Nikaandika: mwongo.

"Mkubwa," akasema.

Nikaandika: mkubwa.

"Sasa tusomee, tutie vidole."

Nikaanza kusoma. Nilisoma miguu, nikasoma goti, nikasoma mpaka pale penye mwongo mkubwa. Ningeweza kupita. Walikuwa hawasomi, wangetia vidole, karatasi ingekwenda, na pengine gogo lingeondoka, nami ningebaki shujaa wa debe mpaka nizeeke. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mama mkwe alikuwa ananitazama kwa utulivu, kidevu mkononi.

"Mwongo huyo ni mimi," nikasema. "Karatasi ya kasuku niliiandika mimi. Nilisema mnapiga makelele."

Vidole vilivyokuwa tayari vikarudi mapajani.

"Makelele?" akasema mke wa fundi baiskeli.

"Sisi?" akasema mwingine.

"Sisi tunapiga makelele?" wakasema wote, na mtoto akaamka akilia, na mbuzi wa jirani wakakimbilia upande wa pili wa barabara.

Sitayaandika yote niliyoambiwa. Mengine yalisemwa kwa Kimakonde, na wakati huo sikukijua vya kutosha kukasirika ipasavyo. Mwanamke mmoja alichukua debe lake akaondoka, na hakunisalimu mpaka mtoto wangu alipoota meno. Mke wa fundi baiskeli alibaki amesimama.

"Na jana? Lile debe ulimrushia nani?"

"Sijui," nikasema. Ndiyo kweli. Sijui.

"Nirudishie maji yangu," akasema.

"Nimemwogeshea mtoto."

Akamtazama mtoto, ambaye kwa kweli alikuwa anang'aa. Akafyonya, akakaa tena chini.

Mama mkwe ndiye aliyevuta karatasi. "Mkamwana," akasema, "umeandika uongo kwa mkono wako. Haya, ufute kwa mkono huohuo. Andika upya, sisi tukiwa hapahapa. Na uende bomani kwa miguu yako. Usimpe mume wako aipeleke mfukoni."

Nikaandika upya. Mara ya kwanza niliingiza "kwa masikitiko yasiyo kifani," nikaikata mwenyewe kabla hawajanikata wao. Wakatia vidole kwa wino wa mume wangu. Mama mkwe alikibandika chake juu ya sahihi yangu kabisa. "Ili usichomoke," akasema.

Bomani nilisubiri kwenye benchi pamoja na watu wenye kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba. Zamu yangu ilipofika, karani wa mapokezi alikuwa, bila shaka, mume wangu. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Una shida gani, mama?"

"Nimeleta malalamiko kwa Bwana Shauri."

"Juu ya nani?"

"Juu ya mke wako."

Benchi zima likacheka. Alisoma karatasi yote akiwa amesimama, masikio yakimwiva. Nilidhani ataikunja. Alitazama ile alama ya kidole juu ya sahihi yangu.

"Hiki cha nani?"

"Cha mama yako."

Akachukua mhuri, akapiga. Haya ndiyo yaliyokuwemo:

Kwa Bwana Shauri. Kwa heshima. Sisi wanawake tulioweka vidole hapa tunalalamika juu ya kufungwa kwa njia ya kwenda chemchemi.

Njia imefungwa kwa sababu ya taarifa kuhusu kasuku. Katika taarifa hiyo, habari za rangi, makao, chakula na viota ni za kweli. Jibu la tano ni uongo. Mwandishi wa taarifa ni mimi ninayeandika barua hii. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa nimekasirishwa na majirani zangu, na nafasi kwenye karatasi ilikuwa kubwa. Mume wangu aliipeleka bila kujua.

Ukweli ni huu. Kasuku hawa hawasumbuliwi na wanawake. Wametaga kando ya njia ile siku zote watu wakipita, na hunywa maji mahali tunapoteka. Bwana Misitu akitaka kuhakikisha, aje alfajiri pamoja nasi, aache viatu vizito, na abebe debe lake.

Tangu njia ifungwe, tunatumia nusu ya siku kwa debe moja. Mwanamke mmoja mzee ameumia goti. Watoto wadogo hawaogeshwi. Hao wote hawakuandika neno lolote juu ya ndege.

Tunaomba gogo liondolewe. Hatuombi msitu ukatwe, wala hatutaki ndege wafukuzwe. Kama kuna adhabu kwa taarifa ya uongo, naomba niitwe mimi, siku yoyote isipokuwa siku ya kliniki ya mtoto.

Tunaomba pia jibu lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na lisomwe na mtu mwingine, kwa kuwa wengi wetu hawajui kusoma, na mimi kwa sasa hawaniamini kuwasomea.